Alishikwa 2017 na hatujui kesi iliishaje: namna ya kuitafuta Mombasa

Swali nililoletewa: "Assalam aleikum mjomba. Mimi niko Likoni. Ndugu yangu mdogo alishikwa 2017 usiku upande wa feri, walipigana na mtu, akalala seli na kesho yake akapelekwa kortini. Mama akaweka dhamana elfu ishirini. Akaenda korti kama mara tatu, kila mara inaahirishwa, alafu akapata kibarua Malindi akaacha kwenda, na sisi tukajua imeisha manake hakuna mtu alokuja kumtafuta. Sasa amepata kazi ya udereva Qatar na ajenti anataka good conduct (cheti cha tabia njema cha polisi) kabla mwezi haujaisha. Anaogopa hata kwenda kuweka vidole. Tutajuaje kama ile kesi bado iko? Kuna mahali mtandaoni unaandika jina ukaona? Kuna kijana ametwambia atatuangalizia kwa elfu tano."

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimeisoma mara mbili na hofu yenu nimeiona, basi naanza na jibu lenyewe alafu njia tutaipita pamoja. Hakuna tovuti hapa Kenya ambayo mtu wa kawaida anaandika jina la mtu ikamtolea kesi zake zote za jinai. Haipo, na huyo kijana wa elfu tano hana. Msimpe hata shilingi. Kama anajuana na mtu wa ndani wa kumchungulizia, hiyo ni rushwa na wewe utakuwa umeitoa, na kama hajuani na mtu atakuletea maneno matupu, na nyinyi mtayaamini kwa sababu mna wasiwasi.

Rekodi za kesi ya jinai zimekaa sehemu tatu. Kuna vitabu na mafaili ya kituo cha polisi, kuna faili ya korti, na kuna rekodi ya alama za vidole kule makao makuu ya DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, Kiambu Road Nairobi. Sehemu hizi tatu haziambiani kila kitu vile watu wanavofikiria. Korti inaweza kuwa imemwachia mtu kitambo na kule Nairobi bado anaonekana ameshtakiwa, au kituoni hakuna anayemkumbuka kabisa na faili ya korti iko hai inamngoja. Kinachokutoa sehemu moja kukupeleka ya pili ni namba. Mimi nimefanya ukarani kwenye registri za korti huku Pwani miaka mingi kabla ya kustaafu, na kama kuna kitu kimoja ningependa kila familia ijue ni hicho, fuata namba usifuate jina. Jina kwa Mombasa halikufikishi mbali, wangapi wanaitwa Mohamed Ali, wangapi Salim Juma, wangapi Hassan Omar? Nakumbuka kijana mmoja alikuja pale dirishani analia kabisa, mwajiri amemwambia ana kesi ya wizi, tukaitoa faili, majina yote matatu ni sawa na yake herufi kwa herufi lakini namba ya kitambulisho si yake na umri umepishana zaidi ya miaka kumi. Kazi ile alikuwa ashaikosa. Mtu alitafuta jina akaishia hapo.

Sasa nyinyi mna bahati moja ambayo pengine hamjaijua, ni ile dhamana ya mamako. Elfu ishirini zikiwekwa kortini zinatolewa risiti, na risiti ya dhamana inaandikwa namba ya kesi na jina la aliyeweka pesa. Basi kabla hujapanda feri kuja mjini, mkae na mama mpekue. Kwenye mfuko wa vyeti vya kuzaliwa, kwenye begi la title ya shamba, chini ya godoro, popote anapoweka karatasi za maana. Ukiipata ipige picha hapo hapo, manake karatasi hizi za mashine zinafutika wino, nimeona watu wanaleta karatasi nyeupe kabisa wanaapa ilikuwa risiti. Angalia pia imetolewa na nani. Kuna dhamana ya polisi, ile unayoweka kituoni ili mtu alale nyumbani aende kortini kesho, na kuna dhamana ya korti anayoiamuru hakimu baada ya mtu kukana mashtaka. Ya polisi unarudishiwa kituoni mtu akishafika kortini, ya korti inakaa mpaka kesi iishe. Kwa vile ndugu yako alilala ndani kisha akapelekwa, hii ya mama naona ni ya korti.

Namba yenyewe ya miaka ile itakuwa kama Criminal Case namba fulani ya 2017. Za siku hizi zinaandikwa MCCR alafu E alafu namba na mwaka, MCCR ni kesi ya jinai ya korti ya mahakimu na ile E inaonyesha imefunguliwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Na hapa kuna mtego ambao umezungusha watu wengi sana: mwaka ulioko kwenye namba ni mwaka faili ilipofunguliwa kortini. Mtu akishikwa usiku wa tarehe 31 Disemba 2017 akapelekwa kortini Januari, kesi yake ni ya 2018, na ukiambia karani akutafutie 2017 atakwambia hakuna na atakuwa amekwambia kweli. Hivo muulize nduguyo vizuri ilikuwa mwezi gani, kama ilikuwa Ramadhan, kama shule zilikuwa zimefungwa, kama ni kabla au baada ya ule uchaguzi wa Agosti, watu husahau tarehe lakini hawasahau mambo kama hayo.

Kama risiti haipatikani kabisa, rudini kituoni. Lakini kituo gani? Umesema upande wa feri, na feri ina ng'ambo mbili. Akishikwa upande wa Likoni kuna Likoni Police Station, akishikwa upande wa kisiwani ni kituo kingine, anaweza kuwa alipelekwa Central au kwa polisi wa bandari. Muulize alilala seli ya wapi, hilo hawezi kulisahau. Ukifika unataka vitu viwili. Cha kwanza ni OB, kitabu cha matukio, kila kinachoripotiwa na kila anayeletwa pale anaandikwa humo, na namba yake inasomeka hivi, tuseme 34/12/3/2017, yaani ni tukio la 34 la siku hiyo ya tarehe 12 mwezi wa 3. Bila tarehe, au angalau wiki yenyewe, askari atapekua mpaka achoke akufukuze, na kwa kweli simlaumu. Cha pili ndicho chenye faida zaidi kwenu, namba ya kesi ya polisi, mara nyingi inaanza na CR. Ile inaandikwa kwenye chaji shiti, yaani karatasi ya mashtaka, pamoja na namba ya faili ya korti, karatasi moja inabeba namba zote mbili, kwa hivyo ukipata kopi ya chaji shiti safari ya kituoni imeisha.

Wakikuzungusha kituoni usigombane nao. Andika barua kwa OCS, mkuu wa kituo. Tuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ambayo imetoka kwa kifungu cha 35 cha Katiba, na watu wa kawaida hawaitumii kabisa, jambo linaloniuma. Barua inaruhusiwa kuwa ya Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili, na mtu asiyejua kuandika anasema kwa mdomo na afisa anamwandikia. Si lazima utoe sababu ya kutaka. Ofisi ina siku 21 kukujibu, na kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu ni masaa 48. Kuomba ni bure, utalipia tu gharama ya kutoa kopi. Wakinyamaza au wakikataa unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman, unaomba wapitie uamuzi ndani ya siku 30. Kuna mambo polisi wanaruhusiwa kukataa, mfano upelelezi unaoendelea, lakini nyinyi mnauliza namba ya kesi ambayo mtu wenu mwenyewe alishtakiwa nayo mbele ya watu. Kopi ya barua ibaki kwako na iwe imegongwa muhuri wa kupokelewa, hilo usisahau.

Tuje kortini sasa. Kesi za Likoni na za kisiwani zinakwenda Mombasa Law Courts. Ingekuwa mtu ameshikwa Bamburi au Kisauni ningekwambia uanze na Shanzu, za Ukunda na Diani ni Kwale, na mtoto chini ya miaka 18 ni Tononoka, na faili za watoto hazifunguliwi kwa kila mtu. Mauaji yanakwenda Mahakama Kuu. Usidharau hili swali la korti gani. Kumbuka kesi za Shakahola, za wale wafuasi wa mhubiri waliofunga mpaka kufa, mwanzoni mwa 2024, jambo ni moja na washtakiwa wengi ni wale wale, lakini mashtaka ya ugaidi yalisomwa Shanzu, ya kuua bila kukusudia Mombasa, ya watoto Tononoka na ya mauaji Mahakama Kuu ya Malindi. Mtu akiingia registri moja akaambiwa hakuna kitu, haina maana hakuna kitu.

Ukifika pale uliza registri ya jinai ya mahakimu. Mwambie karani unaomba kutafutiwa faili na kuisoma, mpe namba, au kama namba huna mpe majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, kosa, kituo kilichomshtaki, na mwezi. Majina yaandike kwa namna zote yanavyoweza kuandikwa, manake askari aliyeandika chaji shiti aliandika alivyosikia, Mwinyi anaweza kuwa Muinyi, Athman akawa Adhumani. Kuna ada ndogo na inalipwa kwa njia rasmi ya kielektroniki, korti haipokei pesa mkononi, mtu akikwambia umpe yeye achana naye. Kesi za zamani mafaili yao mara nyingi yameshuka stoo ya kumbukumbu, hivo utaambiwa urudi baada ya siku kadhaa, rudi siku hiyo hiyo uliyoambiwa. Kwa uzoefu wangu Jumatatu asubuhi ni msongamano mtupu, nenda katikati ya wiki na usiende saa mbili wakati makarani wanabeba mafaili kuingiza kortini, nenda saa tano hivi. Bora kabisa aende mama, manake yeye ndiye mwenye dhamana, na kama ni wewe beba barua ya nduguyo ya kukuruhusu na kopi ya kitambulisho chake.

Wakisema faili haionekani, usikubali iwe ndio mwisho. Kiongozi wa mashtaka ana kopi yake, polisi wana kopi yao, na kama kulikuwa na wakili naye ana yake. Unaandika barua kwa msimamizi wa korti kueleza faili haionekani, na korti inaweza kuamuru faili nyingine itengenezwe kutokana na hizo kopi. Nimeyaona hayo yakifanyika mara nyingi tu.

Ukiipata, fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa na hakimu. Hapo ndipo jibu lenu lilipo, na limeandikwa kwa namba za vifungu ambazo mtu wa kawaida hazimwambii kitu. Ukiona imeondolewa chini ya 87(a) ya sheria ya mwenendo wa jinai, maana yake upande wa mashtaka uliitoa na mshtakiwa akaachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile, kwa hivyo ni kuachiliwa kusiko kamili. Ukiona 202, mlalamishi hakufika siku ya kusikizwa na korti ikamwachilia mshtakiwa. Ukiona 210, korti iliona ushahidi haukutosha hata wa kumfanya ajitetee, na 215 ni hukumu baada ya kusikiza pande zote, aidha ana hatia au hana. Kuna na 176, hiyo ni ya kupatanishwa, na kwa kesi za kupigana inatumika sana. Nyinyi mnasema kesi iliisha kwa sababu hakuna aliyekuja, na inawezekana kweli, pengine yule waliyepigana naye naye alichoka kwenda.

Lakini mwanangu sitaki kukuficha. Mtu aliyekaa nje kwa dhamana akiacha kufika, kinachofanyika mara nyingi ni hakimu kutoa waranti ya kumkamata, na ile pesa inaweza kuchukuliwa na serikali. Waranti haizeeki ikafa yenyewe. Inaweza kukaa kwenye faili miaka na hakuna askari aliyekuja Likoni kugonga mlango, kisha siku ambayo hakutarajia, labda amesimamishwa barabarani, labda yuko uwanja wa ndege na begi mkononi, ikaibuka. Ndio maana nasema muisome faili kwanza kabla hajaenda kuweka vidole, na kabla hajamlipa ajenti hata senti.

Mkikuta waranti iko, asikimbie na asiende peke yake. Atafute wakili, aende mwenyewe kwa miguu yake mbele ya korti ile ile aombe waranti iondolewe na aeleze kwa nini hakufika. Mahakimu wanatofautiana na siwezi kukuahidi atatoka siku hiyo, anaweza kupewa masharti mapya ya dhamana, anaweza hata kulala ndani, lakini mtu aliyejileta na mtu aliyeletwa kwa pingu hawatazamwi kwa jicho moja, hilo nimeliona kwa miaka. Kama pesa ya wakili hakuna, kuna National Legal Aid Service chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2016, na hapa mjini MUHURI, shirika la haki za binadamu, wamesaidia watu wengi kwa mambo ya kisheria, waendeeni muulize.

Kuhusu mtandao, kwa sababu umeuliza. Kenya Law, tovuti ya hukumu za korti, ni bure kabisa na ina hukumu nyingi mno, lakini karibu zote ni za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na za hadhi hiyo. Kesi ya kupigana ya korti ya hakimu kwa kawaida huioni humo isipokuwa kama kuna mtu alikata rufaa, basi ukiandika jina la nduguyo ukaona patupu usifurahi na usihuzunike, patupu pale hapasemi chochote. Ukikuta kitu kimeandikwa mwaka kwenye mabano alafu KEHC, hiyo ni hukumu ya Mahakama Kuu. Orodha za kesi zinazotajwa na kusikizwa kila siku nazo zinawekwa mtandaoni, zinasaidia kwa kesi ambayo bado inatembea.

Cheti cha tabia njema sasa, ile good conduct ya ajenti. Anaingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa akaunti yake, anajaza ombi la DCI, ada ni shilingi 1,050, anachapisha ile fomu ya C24 ya alama za vidole, anaenda kuwekwa vidole vyote kumi, kwa Mombasa wengi wanafanyia Huduma Centre pale Posta, Digo Road, kisha vinalinganishwa na rekodi za Nairobi. Hawaangalii jina pekee, wanaangalia vidole, kwa hivyo hata akibadilisha herufi za jina haisaidii. Kama alichukuliwa vidole 2017 wakati anashtakiwa, rekodi itakuwepo, na kama kesi iliisha kwa kuachiliwa lakini matokeo hayakufika kule, bado itaonyesha alishtakiwa tu bila mwisho. Dawa yake ni karatasi: pale pale kortini omba kopi ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri wa korti, na kama inawezekana mwenendo wote wa kesi, Katiba kifungu cha 50 inampa mshtakiwa haki ya kupata mwenendo kwa ada ya kiasi baada ya kesi kuisha. Kopi hiyo ndio anaipeleka DCI warekebishe. Chukueni kopi mbili tatu zilizothibitishwa kwa mara moja, moja ibaki nyumbani na isitoke.

Na ajenti akisema ana njia ya mkato ya cheti, kataeni. Cheti cha bandia kikikamatwa ni kosa jipya juu ya lile la zamani, na hili la pili hakuna atakayesema lilikuwa ugomvi wa usiku wa vijana. Mwambieni ajenti ukweli kwamba karatasi inashughulikiwa. Mwezi mmoja ni mfupi kwa haya yote, kusema kweli.

Kuna wengine wananiuliza jambo hili hili kwa upande wa pili, mtu anataka kujua kama yaya au mlinzi au mchumba wa binti yake aliwahi kushtakiwa. Huwezi kupeleka vidole vya mtu mwingine. Mwambie alete cheti chake mwenyewe, kisha ukihakikishe. Basi.

Limebaki la elfu ishirini. Mkikuta kesi iliisha na dhamana haikuchukuliwa na serikali, pesa ile bado ni yenu hata miaka imepita. Kwa kawaida korti inairudisha kwa aliyeiweka, akiwa na risiti ya asili na kitambulisho, na risiti ikiwa imepotea mtaripoti kituoni mpewe abstrakti, karatasi ya polisi ya kuonyesha mmeripoti, kisha mama ale kiapo kwa hati ya kiapo kwamba imepotea. Wewe huwezi kuichukua kwa niaba yake kwa maneno tu. Siku hiyo mlete mama mwenyewe, na kitambulisho chenye jina lile lile lililo kwenye risiti, na kama alibadilisha jina tangu 2017 beba na ya zamani.